Nyumba Iliyoipa Barabara Kisogo

Mtaa ule ulikuwa wa kwanza kujengwa nje ya mji, enzi hizo watu wa mjini wakidhani huko wanaishi nyani tu. Nyumba zilipangwa mstari mmoja na zote zilifanana: vyumba viwili, paa la vigae, na kibaraza chenye tao kikitazama barabara, upande wa machweo. Zote isipokuwa ya mwisho. Hiyo, fundi aliishika ramani juu chini, akaja kushtuka ameshapaua. Jiko likatazama barabara, kibaraza kikatazama uwanja wa nyuma.

Walimwengu hawakukawia. Nyumba imeipa barabara kisogo, basi mwenyewe akaitwa Mama Kisogo. Yeye alicheka nao. Aliyeumwa roho ni mumewe, karani, mtu wa kola ngumu. Kila mgeni alipolakiwa na masufuria, karani alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku moja akaja na fundi yule yule, nyundo begani.

"Leo kibaraza kinahamia mbele. Nimechoka kuchekwa!"

Mama Kisogo alihisi moyo ukimpasuka. Alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa kibarazani. Mle ndani, kwa mwanga hafifu wa vidirisha vya juu, hata kutunga uzi kwenye sindano ilikuwa shughuli. Wakimvunjia kibaraza, wamemvunjia kazi, na kazi yake aliipenda mno.

"Sawa, baba watoto," alisema. "Ila kabla hamjavunja, nendeni mkakae kidogo kwenye kibaraza cha jirani. Mkionje hicho mnachokitaka."

Jirani, Mama Pacha, akawatolea viti. Ilikuwa alasiri. Jua likaingia chini ya tao na kuwapiga usoni. Lori likapita, vumbi likatua kwenye shati jeupe la karani. Fundi akasogeza kiti, jua likamfuata. Karani akajikaza kisabuni, jasho likimchuruzika, ili mradi tu asishindwe na mkewe.

"Mama, nyie huwa mnakaa hapa?" fundi akauliza.

"Hapa? Akae nani? Hapa tunaanika nguo."

Wakarudi wakijikung'uta vumbi. Kwa Mama Kisogo kivuli kilikuwa kimetanda tangu adhuhuri, na upepo wa uwanjani ulipita taratibu. Alikuwa anashona, wala hakuinua kichwa. Karani akaketi, akafungua kifungo cha kola, akashusha pumzi ndefu.

"Mzee," fundi akasema, akiweka nyundo chini, "mimi hapa sivunji."

"Kwani nani kakwambia uvunje?" karani akajibu, macho makavu.

Mama Kisogo aliinamia kitambaa ili wasimwone anavyocheka. Furaha ilimjaa hadi kooni, furaha ya kushinda bila kupandisha sauti.

Kumbe Mama Pacha aliwafuata. Alisimama kwenye ngazi, mikono kiunoni, akakitazama kile kivuli kwa uchu.

"Fundi, na kwangu huwezi kukosea hivi hivi?"

Mwaka haukuisha, mtaa mzima ulikuwa umekosewa.