Wanasema Nimeshinda Kwetu Siku Arobaini kwa Mwezi Mmoja

Mhariri, jina langu lifiche, maana mume wangu hununua gazeti hili kila linapotoka. Nina miaka ishirini na saba, nimeolewa upande wa Sironga na nina watoto wawili. Mume wangu ni karani huko Kericho, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi hubaki na shamba la pareto na mama yake.

Kwetu ni ng'ambo ya kijito tu. Katikati ya mwezi uliopita mama yangu mzazi aliteleza akitoka kuteka maji, akavunjika nyonga. Hana mtoto mwingine. Asubuhi nilivuka nikampa uji, nikarudi kuchuma pareto. Mchana nilivuka tena kumgeuza kitandani, jioni kumwosha. Watoto wangu walikula, na mama mkwe nilimpikia kama kawaida. Yeye alikaa mlangoni akinitazama nikipita. Hakunipa pole wala hakuuliza mgonjwa anaendeleaje.

Mume wangu alipofika, hata koti hajavua, mama yake akamwambia, "Mkeo hakai hapa. Mwezi huu ameshinda kwao siku arobaini."

Jioni wakaitwa baba zake wadogo wawili. Niliambiwa niketi nisikilize. Nilisikiliza mpaka hiyo arobaini ikarudiwa mara ya tatu, ndipo nikamwuliza mume wangu, "Baba Kemunto, mara ya mwisho uliondoka hapa lini?"

"Si mwezi mmoja sasa?"

"Na mwezi una siku ngapi?"

Nikasema, "Mama amehesabu kila nilipopita mlangoni kwake. Nikienda mara tatu kwa siku moja, hiyo bado ni siku moja. Tangu mama yangu aanguke ni siku kumi na tatu, na usiku wote nimelala hapa."

Mzee mmoja aliinama kuficha kicheko. Mume wangu akakasirika zaidi. "Hata ingekuwa siku moja," akasema, "hukuniomba ruhusa, na sasa umemwita mama yangu mwongo." Wakaamua nimwombe mama mkwe msamaha kwa kuku, na kwetu niwe naenda siku ya Sabato tu, baada ya kanisa.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Nilimsalimu mama mkwe kwa heshima, nikabeba uji wangu, nikavuka. Nimevuka kila siku tangu hapo. Kuku wangu bado wako bandani.

Sasa mume wangu ametuma neno kwamba akija mwisho wa mwezi huu akute nimeomba msamaha, la sivyo niende kwetu moja kwa moja na watoto niwaache.

Wasomaji wenzangu, msiniambie nivumilie, hilo nimeshaambiwa kanisani. Kwa desturi yetu mama hawezi kulala katika nyumba ya mkwe wake, lakini nyumba hii nimeikandika kwa mikono yangu. Nishaurini, nifanye nini: nimlete mama alale humu ndani, au nivuke na wanangu wote wawili kabla baba yao hajafika?