Mwenye Faili Atoke Nje

Kabla sijamaliza hata sura ya pili ya tasnifu yangu, watu wa kitivo walikuwa wameshanibandika jina: daktari wa jikoni. Maana yao ilikuwa wazi. Mimi ni katibu wa kitivo. Faili zote za wanaotafuta udaktari zinapita mezani kwangu, tarehe za kutetea tasnifu nazipanga mimi, na baraza la maprofesa likikaa, mwenye kuandika kumbukumbu za kikao ni mimi. Na mimi huyo huyo nilikuwa mwanafunzi wa udaktari humo humo. Basi wakasema, huyu atajipakulia mwenyewe.

Liliniuma, sitaki kudanganya. Lakini mimi si mtu wa kwenda kulia chooni. Niliapa kwamba nitaipata shahada ambayo hata anayenichukia atashindwa kuitia doa.

Tasnifu yangu ilihusu wanawake wanaonunua samaki wa Kasenga na kuwauza tena pale Kasomeno. Huko nilikwenda siku za likizo, juu ya lori la magunia, na gari la kitivo limeegeshwa bila kazi chini ya dirisha langu. Karatasi nilinunua mwenyewe. Kuchapa nilichapisha kwenye kibanda cha fotokopi cha mtaa wa Hewa Bora, nikisubiri umeme urudi kama kila mtu. Siku ya kupeleka faili nilitoka nyuma ya meza yangu, nikazunguka kwa mlango wa nje, nikapanga foleni na wanafunzi wengine mbele ya dirisha la ofisi yangu mwenyewe. Msaidizi wangu alipoinua kichwa akaniona, alishika mdomo, akaigeukia droo yangu yenye muhuri.

"Mama, cachet iko mu tiroir yako! Unafanya nini mu ligne?"

"Piga cachet," nikamjibu. "Bantu banangojea nyuma."

Aliyenichosha zaidi ni mama yangu mzazi. Anakaa Kambove, mjane wa mfanyakazi wa mgodi, na kila akipiga simu alitaka kujua ni lini atashonesha nguo ya sherehe. "Mwanangu, uko na funguo ya nyumba, unapiga hodi juu ya nini?" Nilicheka, lakini mama alikuwa anazeeka, na msimamizi wangu alikuwa anakaribia kustaafu. Kama singetetea mwaka ule, ningeanza upya na msimamizi mwingine, na huenda nisingemaliza kabisa.

Baraza letu lina sheria moja ambayo niliifufua mimi. Ilikuwepo tangu zamani, ila hakuna aliyeijali: faili yako au ya ndugu yako ikijadiliwa, unatoka nje. Mwaka uliotangulia ilikuja faili ya mdogo wake profesa mmoja, yule aliyepata cheo nyuma ya wenzake wote. Nilinyoosha mkono, nikamwomba atoke. Alitoka, lakini alipopita nyuma ya kiti changu aliinama akasema polepole, "Yako pia itakuja, Madame."

Ikaja kweli. Kilikuwa kikao cha asubuhi cha kupitisha majopo ya kutetea. Mkuu wa kitivo alifika kwenye jina langu, akatabasamu, akataka kupita haraka.

"Hii tunaijua bote. Imepita. Madame, andika."

Niliweka kalamu chini. "Doyen, mwenye faili anatoka inje."

"Na nani ataandika?"

Maprofesa wetu wanaweza kusema mpaka saa ya chakula, lakini kuandika kumbukumbu wanaona kunawashusha. Na desturi ni kwamba katibu akikosekana, anaandika profesa wa mwisho kupata cheo. Wote wakamgeukia yule yule mwenye mdogo wake.

"Ikala tu, Madame," mkuu wa kitivo akanibembeleza. "Ni dakika moja. Ukitoka, sijue batasema nini."

Nilijua vizuri sana watasema nini. Nikamsogezea yule profesa daftari na kalamu yangu, nikatoka, nikafunga mlango.

Nilisimama kwenye korido nikisikia sauti zinapanda upande wa pili. Wanafunzi walipita wakinisalimia, wakashangaa kuniona nje wakati kikao kinaendelea. Nilijiambia: wakiikataa, wataikataa bila mimi, na wakiikubali, wataikubali bila mimi. Hilo peke yake ndilo nililokuwa nimelitaka. Kisha msimamizi wangu akatoka, uso umemwiva.

"Imepita. Lakini yule wa Likasi wamemwondoa. Ule bwana amejiweka mwenyewe mu jury."

Yule wa Likasi, profesa aliyependekezwa kwenye jopo langu, alikuwa anaipenda kazi yangu. Yule bwana niliyemtoa nje alikuwa amengojea mwaka mzima.

Wengine walipokwenda, mkuu wa kitivo alinirudishia daftari. "Utapiga propre ku mashini," akasema, macho yake dirishani. "Miye sikumbuke muzuri majina yote benye balitaja." Nilimwelewa. Katika kuchapa nakala safi ningeweza kumrudisha yule wa Likasi kwa mstari mmoja, na hakuna ambaye angesoma kabla ya kusaini. Hapo ndipo hasira ziliponipanda, wala si kwa yule profesa, bali kwa mkuu huyu mwema aliyeniona kuwa ni mtu wa namna hiyo.

Nikaliweka daftari mikononi mwake tena. "Mwenye aliandika, apige mwenyewe."

Profesa alishinda mchana kutwa kwenye kompyuta ya msaidizi wangu, akitafuta herufi kwa vidole viwili na kupangusa jasho. Sikumsaidia, na sijutii.

Nakala za jopo zilipokuwa tayari nilimpelekea yake kwa mkono, kama afanyavyo mwanafunzi yeyote. Aliipima uzito, akaiweka mezani, akaniacha nimesimama.

"Unajua naweza kukuangusha."

"Najua, Prof."

"Na weye ungali unaweza kunitoa. Kalendari iko mu mikono yako. Unaweka siku yenye niko Kinshasa, na inaisha."

"Kalendari ya kutetea kwangu ilipatiwa muntu mwingine. Bataniambia siku, sawa vile banaambia banafunzi bote. Na huyo muntu ataanza kukuuliza weye kwanza siku yenye uko hapa." Nilisogea hatua moja mbele ya meza yake. "Kuja, Prof. Kuja na maswali yote, hata ya ubaya. Mama yangu atatoka Kambove, ataikala mbele. Kama nimeanguka, utamwambia weye mwenyewe."

Aliivuta nakala karibu yake. Kisha akaninyooshea mkono kuelekea kiti.

"Ikala, Madame."

"Asante, Prof. Nitaikala nikimaliza kutetea."