Sauti Iliyohesabiwa Sifuri

Kikombe cha chai kilimponyoka Bi Punguza mlangoni, kikavunjika vipande vipande, wala hakukisikia. Shangazi yake alikuwa sakafuni. Alilala ubavu kati ya kitanda na kabati, mguu mmoja umejikunja vibaya chini ya mwenzake, mkono ameunyoosha kuelekea kimashine cheupe kilichokuwa juu ya meza ya kando ya kitanda. Macho yalikuwa wazi na midomo ilikuwa ikicheza.

"Shangazi! Umeanguka saa ngapi?"

Midomo ikacheza tena. Bi Punguza akapiga magoti kwenye chai ya moto na vigae vya kikombe, akatega sikio karibu kabisa na mdomo wa mzee.

"Tangu ulipozima redio," Shangazi alisema.

Redio aliizima saa tatu asubuhi, habari zilipokwisha. Sasa saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasorobo. Bi Punguza akahesabu, akarudia kuhesabu, kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi inayompa ugali wake, na jibu likagoma kubadilika. Dakika arobaini na tano. Muda wote huo yeye alikuwa sebuleni akikunja nguo, na spika ya mashine ileile ilikuwa mezani, hatua mbili kutoka sikioni pake, ikimletea uvumi mwororo wa chumba cha mtu aliyelala. Alikuwa ameufurahia uvumi ule. Alikuwa amejisemea, mzee leo kapata usingizi mzuri, tusimsumbue.

Akapigwa na butwaa palepale alipopiga magoti, na nusura asahau kuita gari la wagonjwa.

Sasa nikwambie huyu Bi Punguza ni nani, maana mashine ile nyeupe aliitengeneza yeye mwenyewe, na hapo ndipo penye msiba. Ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwembamba, hana mume na hana haraka naye, anafanya kazi kwenye karakana ya vyumba vitatu inayounda simu za kuitia wauguzi. Mgonjwa analala hapa, muuguzi anakaa kule, mashine inapeleka sauti. Unaweza kudhani ni kazi ndogo. Lakini sauti ya mtu ni kitu kinene, haipiti yote kwenye njia nyembamba, kwa hiyo upande mmoja lazima ibanwe na upande wa pili ifumuliwe. Programu inayobana na kufumua huitwa kodeki, na yeye ndiye anayeiandika, kisha anaiingiza kwenye chipu yenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo.

Chipu ile ina mbio lakini ni maskini. Kumbukumbu yake ni ya kubahatisha, na sehemu za namba haizijui kabisa. Kwake yeye, nusu ni sifuri na robo ni sifuri. Kila sekunde inaletewa sauti katika vipande hamsini, na kila kipande lazima kimalizwe kabla cha pili hakijabisha hodi. Ndiyo maana mama wa watu kutwa kucha kazi yake kupunguza. Punguza kumbukumbu, punguza hatua, punguza umeme. Wenzake wakambandika jina la Bi Punguza, naye akalipokea, akaliandika hadi kwenye kikombe chake cha kazini.

Hila iliyompa sifa kuliko zote ilikuwa ya ukimya. Mgonjwa asipozungumza, kwa nini chipu ihangaike kubana hewa? Basi programu yake hupima nguvu ya kila kipande. Kikiwa na sauti, kinatumwa. Kikiwa kitupu, hakitumwi kitu. Ila masikio ya binadamu yana wasiwasi, yakikutana na ukimya wa kaburi yanadhani laini imekatika. Kwa hiyo mashine ya upande wa pili hujitungia uvumi mdogo wa bandia, wa kumtuliza msikilizaji. Bi Punguza alikaa wiki tatu akiupika uvumi ule, mpaka ukafanana na chumba chenye mtu anayepumua taratibu. Watu walimpigia makofi.

Na uvumi huo ndio aliokuwa akiufurahia huku mzee wake yuko sakafuni. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliosema, na hawakukosea.

Hospitalini daktari alitazama picha ya nyonga, akasema imevunjika na watafanya upasuaji jioni ileile. Kisha akauliza swali dogo tu, kalamu mkononi.

"Alikuwa peke yake nyumbani?"

"Hapana. Nilikuwepo."

Daktari aliinua macho. Kisha akaandika. Laiti angemtukana, Bi Punguza angeshukuru.

Kumbuka Shangazi si shangazi wa kusalimiwa sikukuu. Ndiye aliyemlea tangu ana miaka minne. Alikuwa mwalimu, na enzi zake sauti yake ilivuka uwanja wa shule na kumrudisha mtoro aliyekwisha fika barabarani. Maradhi ya koo ndiyo yaliyomnyang'anya. Siku hizi hata akijikaza mishipa imtoke, kinachotoka ni kama karatasi inayosuguliwa. Kwa ajili hiyo mpwa wake alimletea mashine nyumbani, akaifunga mwenyewe, akajipiga kifua: "Sasa Shangazi, hata ukikohoa nitakusikia." Mzee akacheka, akasema dunia imeendelea.

Kesho yake, Jumatatu asubuhi, Shangazi alikuwa bado na usingizi wa dawa. Bi Punguza alipitia nyumbani, akaiondoa mashine kwenye meza ya kando ya kitanda, akaitia mkobani, akaenda karakana. Mlangoni palikuwa na gari limefunguliwa nyuma. Maboksi sitini yalikuwa yakipakiwa, mashine sitini za wodi ya waliofanyiwa upasuaji, zote na programu ileile. Nyumbani mgonjwa alikuwa mmoja.

"Bosi, zuia gari," alisema.

Mwenye karakana jina lake la utani ni Radi, na hajapewa kwa bahati mbaya. Akisema pole, madirisha yanatikisika.

"NIZUIE GARI? Watu wanasubiri tangu mwezi uliopita! Kuna nini?"

Hapa angeweza kusema lolote. Angeweza kusema betri. Lakini mficha uchi hazai, na yeye alikuwa amekwisha piga magoti kwenye chai ya moto. Akaeleza yote, kuanzia redio mpaka daktari. Mama Risasi, fundi wao wa kuchomelea, akaweka chini chombo chake cha moto akaja kusikiliza.

"Haiwezekani," Radi alisema, safari hii kwa sauti ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa ya kawaida. "Kila mashine naijaribu mwenyewe."

Ni kweli. Ndiyo desturi yao. Mashine haifungwi boksi mpaka Radi asimame hatua tatu mbele yake na kuisomea tangazo la ukutani: moto ukitokea usikimbie, tembea kuelekea mlango wa nyuma. Taa ya kijani ikiwaka, mashine imefaulu. Mashine sitini zilikuwa zimefaulu. Miaka miwili, mashine mia mbili na kitu zimesikia habari za moto kutoka kwa Radi, na hakuna hata moja iliyowahi kusomewa na mgonjwa.

Bi Punguza akawasha kompyuta. Mashine ya nyumbani ilikuwa ya majaribio, na ndani yake alikuwa ameweka kadi inayotunza sauti ghafi ya saa mbili za mwisho, kama ilivyoingia kabla ya kubanwa, ili awe akilinganisha. Kama iliendelea kurekodi usiku kucha, sauti ya Jumapili ingekuwa imefutika. Akakumbuka kwamba yeye mwenyewe aliizima ukutani wahudumu wa gari la wagonjwa walipohitaji nafasi ya machela. Sauti ya asubuhi ile ilikuwa salama ndani ya kadi.

Kwanza alitazama namba zinazoonyesha ukubwa wa sauti. Sauti ya Radi hupanda mpaka elfu thelathini. Ya Shangazi, kutoka sakafuni, ilikuwa ishirini. Programu hupima nguvu kwa kuzidisha namba kwa yenyewe kisha kujumlisha. Ishirini mara ishirini, mia nne. Lakini miaka miwili nyuma ngurumo za Radi zilikuwa zikijaza jumla mpaka inafurika, na chipu ikawa inatoa upuuzi. Dawa aliyoitia Bi Punguza ilikuwa kugawa kila namba kwa mia tano na kumi na mbili kabla ya kuijumlisha. Radi akatulia, kazi ikaenda. Na mia nne ukiigawa kwa mia tano na kumi na mbili, kwenye chipu isiyojua sehemu, unapata nini?

"Sifuri," alisema Mama Risasi, ambaye hesabu aliziacha shuleni.

Sifuri, sifuri, sifuri, ukurasa mzima. Mashine haikuwa mbovu. Ilifanya kama ilivyoagizwa: ilimpima mzee, ikaona hayupo, ikaagiza uvumi wa kutuliza. Na ubaya zaidi, chipu ile ina sehemu pana ya kujumlishia, Bi Punguza alikuwa akiijua siku zote. Ilitosha kujumlisha kwanza ndipo agawe. Mstari mmoja ushushwe chini ya mwenzake. Aliukodolea macho mstari ule kana kwamba umeandikwa na adui.

"Tusikie," Radi alisema.

"Bosi, namba zinatosha."

"Nimeisomea moto mashine hii. Nataka kusikia ilichokataa kusikia."

Wakaikuza sauti mara mia. Kwanza mburuzo laini wa mtu anayeteleza kutoka kitandani pamoja na shuka. Halafu pumzi nyingi. Halafu, katikati ya mkwaruzo, neno likatoka wazi, na Mama Risasi akashika mdomo.

"Mwanangu."

Pumzi, halafu tena: "Mwanangu, njoo. Nimeanguka."

Kisha ikasikika sauti nyingine, ya mbali, ya mwanamke anayeimba huku anakunja nguo. Ilimchukua muda Bi Punguza kujitambua. Ukuta ule ulikuwa mwembamba kiasi kwamba Shangazi alimsikia mpwa wake anavyoimba beti zote. Mzee aliita tena na tena, na kila akiita wimbo uliendelea. Radi alikuwa amesimama, akakaa kitako.

Dakika ya kumi na tisa Shangazi alisema, si kwa kuita, kwa kujisemea, "Ananisikia. Ana kazi zake, atakuja."

Dakika ya thelathini na moja alisema, "Basi. Amechoka. Miaka mingi, hata mimi ningechoka."

Baada ya hapo hakuita tena. Zilibaki pumzi na wimbo.

Hakuna aliyesogeza mkono kuzima. Mwisho Radi aliinuka, akaenda mlangoni, akamwambia dereva ateremshe maboksi yote. Alirudi, akasimama mbele ya mashine moja, akajaribu kunong'ona lile tangazo la moto. Taa ya kijani ikawaka. Hata mnong'ono wa mtu yule ulikuwa mkubwa mno. Akatazama mikono yake, akasema, "Mimi sifai kupima kitu hiki," na ndiyo mara ya kwanza watu wale kumsikia akisema hafai.

Mstari aliushusha Bi Punguza kwa sekunde nane. Akaichezeshea mashine sauti ya kadi, taa ya kijani ikawaka kwa kila "mwanangu", moja baada ya jingine. Alilia hapo, mbele ya watu, bila kujificha.

Alasiri alikuwa kando ya kitanda cha hospitali. Shangazi alikuwa macho, uso umenywea, na alimpokea kwa upole ambao haukuwa wa kawaida yao. Alimwita "mama", akamshukuru kwa kuja, akamuuliza kama amekula, akamwambia asijisumbue kuja kila siku, wauguzi wapo. Bi Punguza alizoea kukaripiwa kwa kuchelewa. Adabu ile ya mtu na mgeni ilimtisha kuliko mguu uliofungwa.

"Shangazi, nisikilize. Jana sikukusikia."

Mzee akageuza macho taratibu.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Mashine ilikuhesabu kama hupo, ikanipa kimya cha kutengeneza. Na aliyekitengeneza ni mimi. Kosa langu, naapa, wala sina la kujitetea. Nigombeze."

Alingoja. Midomo ya Shangazi ilicheza, haikutoa kitu, ikacheza tena. Bi Punguza akainama, sikio mdomoni, kama alivyofanya sakafuni.

"Kumbe hukusikia," mzee alisema. Machozi yakaanza kumchuruzika kuelekea masikioni, na vidole vikaushika mkono wa mpwa wake kwa nguvu ambayo daktari asingeamini. "Nilikuwa nasikia unaimba. Nikajua umenisikia, umeamua kukaa."

"Shangazi!"

"Ningekufa pale, mwanangu, ningekufa najua hivyo."

Bi Punguza alikuwa amewaza kifo tangu Jumapili, kwa kila namna. Kifo cha namna hiyo hakikuwa kimempitia akilini. Akaukaza mkono wa mzee, na muuguzi aliyekuja kubadilisha dripu ilibidi azunguke upande wa pili wa kitanda, kwa sababu hakuna kati ya wale wawili aliyekuwa tayari kuachia mkono.