Tai Niliyemsugua kwa Dawa ya Meno

Mzee niliyekuwa nikimtunza huko ughaibuni, mtaa wa Harrow, alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mombasa, na Kiswahili chake kilinishinda hata mimi wa Lamu. Kila Jumapili, akishamaliza chai, alinituma kabatini nimletee kijisanduku cha mbao. Ndani mlikuwa na nusu dola ya fedha ya Marekani, sarafu ya ukumbusho. Alisema ni mojawapo ya chache mno zilizopigwa kwa namna ya pekee, kabla ya zile zilizouzwa kwa watu wote. Wanawe walimcheka, wakisema aliuziwa mbuzi kwenye gunia. Yeye aliishika ukingoni kwa ncha za vidole, na mimi nilikatazwa hata kuipumulia.

Mwisho akamwandikia mtaalamu wa sarafu aje aikague na kumpa cheti. Alikitaka cheti kile kuliko dawa zake zote, awafunge wanawe midomo. Ijumaa ya miadi aliamka mapema akadai suti.

Nami na kiherehere changu, nikafungua kijisanduku. Nikaiona sarafu ilivyofifia, ya kijivu, nikamwonea aibu. Kwetu fedha haitolewi mbele ya mgeni bila kusuguliwa. Bibi yangu alizisugua bangili za harusi kwa ndimu na majivu mpaka ukajiona meno ndani yake. Harrow majivu utayatoa wapi? Nikatumia dawa ya meno. Nilimaliza upande wenye picha ya ndege tai, na kabla sijaugeuza wa pili Mzee akaniita nimvishe soksi.

Usilolijua ni usiku wa giza. Mtaalamu aliitazama sarafu pande zote mbili. Kisha akaeleza kwa upole kwamba ule ukijivu ndio uliokuwa ushahidi: sarafu zile za pekee zilifanywa zising'ae, makusudi, kulekule kiwandani. Upande mmoja bado ulionyesha kwamba ilikuwa yenyewe. Lakini iliyokwisha kusuguliwa haipewi cheti. Akauliza ni nani aliyefanya hivyo.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Mzee akamtazama yule tai anayemeta, akanitazama mimi. Kisha akamjibu mgeni kwamba ni yeye mwenyewe, uzee umemchanganya. Mgeni akamtazama kwa huruma, kama mtoto aliyevunja sahani. Mtu aliyeishi na sarafu ile miaka arobaini bila kuigusa uso!

Mgeni alipoondoka nililia jikoni. Nilimpenda yule mzee, na nilikuwa nimemvunjia kitu chake cha pekee. Akaniita. Nikaanza kumwomba radhi, akaniambia ninyamaze kwanza, chai inapoa. Akaitoa sarafu, akailaza kiganjani mwangu, akakishika kidole gumba changu na kukikandamiza juu ya tai.

"Shika, binti," akasema. "Sasa inashikika."