Mwaka Verlene Alipokabidhiwa Nyama

Verlene Diekmann alipanda vyeo vya jikoni mwa kanisa la kijiji cha Ostfeld jinsi askari anavyopanda vyeo vyake, kimoja kimoja na bila kuruka. Alianzia kwenye sinki. Miaka tisa mizima, kila karamu ya mavuno, alisugua masufuria huku wenzake wakipika. Kisha akapandishwa kumenya viazi, kisha saladi ya kabichi, kisha pai za boga. Kwenye pai akakwama, maana juu ya pai kulikuwa na nyama tu, na nyama ilikuwa ya Ardith Buhr. Ardith alikuwa na umri wa miaka themanini na moja na wala hakuonyesha dalili ya kuchoka.

Basi mwezi wa Agosti Ardith akapasuliwa goti, na daktari akampiga marufuku kusimama zaidi ya robo saa. Jumapili moja baada ya ibada alimwita Verlene kando ya magari, akajiegemeza kwenye mkongojo wake.

"Mwaka huu nyama ni yako," alisema. "Usinitie aibu."

"Sawa, Bi Ardith," Verlene akajibu, kana kwamba ameombwa chumvi.

Akaingia garini, akafunga mkanda, akamwambia mumewe Delmar aondoe gari. Walipoyapita makaburi ya kanisa, na hakuna mtu tena wa kusikia, alipiga kelele hata Delmar akapeleka gari pembeni ya shamba la mahindi akidhani mkewe ameumwa na nyuki. Hapana, hakuumwa na kitu. Miaka ishirini na miwili ya kungoja ndiyo iliyomtoka.

Lakini kukabidhiwa nyama ni jambo moja, kubaki nayo ni jingine. Pale Ostfeld hakuna anayekwambia kwamba umepika vibaya. Huo ni ukorofi. Watu hula kidogo, hushukuru sana, na sinia linarudi jikoni na chakula chake. Wanawake hulitazama sinia, hawasemi neno, na mwakani unaombwa kwa upole ukasaidie masufuria. Darlys Meester, rafiki kipenzi wa Verlene, yalimkuta. Mwaka ambao Ardith alikwenda kumwona mjukuu mchanga, Darlys alipika kuku wa bizari. Watu walisema, "Ni tofauti, hii," wakamwachia kuku karibu wote. Mbwa wa Darlys walineemeka mpaka Krismasi, naye amekuwa kwenye sinki tangu siku hiyo.

Kila mtu alitarajia Verlene apike paja la nguruwe la moshi, kama Ardith alivyopika kwa miaka thelathini. Hata Delmar alimshauri hivyo.

"Paja halina maneno," alisema. "Unalikata, unalipanga, basi."

"Sikungoja miaka yote hiyo nije kukata paja la mtu mwingine," Verlene akamjibu.

Alichotaka kupika ni mbavu. Vipande vinene vya nguruwe, kila kimoja na mfupa wake, vilivyopasuliwa mfuko ndani na kujazwa matufaha, plamu kavu, vitunguu na mkate mkavu uliolowa siagi. Alivipika nyumbani kila Oktoba tangu aolewe, wakati ambapo matufaha ya mti wake yanaanguka kwa kasi kuliko mtu anavyoweza kuokota. Delmar akirudi kutoka shambani na vumbi la soya kwenye nyusi, harufu ilimpokea mlangoni naye akasahau hata kuvua viatu. Mabinti zao watatu, walikotawanyika, kila mmoja hupiga simu mwezi huo kuuliza kama mama ameshapika, kisha hukasirika akiambiwa ndiyo.

Verlene alimwambia Ardith kwa simu.

"Matunda ndani ya nyama," Ardith alisema. "Kwa watu mia na hamsini."

"Nimeagiza vipande mia na sitini, Bi Ardith."

"Haya. Nyama ni yako," akasema, na safari hii neno lile lilikuwa la mtu anayenawa mikono.

Jumamosi, mkesha wa karamu, wanawake sita walikusanyika jikoni chini ya kanisa, na Verlene akawafundisha. Kisu kiwe chembamba. Unaingilia upande wa mafuta, unasukuma taratibu mpaka ncha iguse mfupa, halafu unakipeleka huku na huku bila kutoboa upande wa pili. Mdomo wa mfuko uwe mdogo, tumbo lake liwe kubwa. Usishindilie, kwa sababu mkate unavimba. Alikuwa akizunguka meza akiongea bila kupumua, mashavu yamemwiva, hata Darlys akamtania.

"Wewe bibie, ukiendelea hivi tutakujaza matufaha na wewe."

"Nijaze tu, mwenzangu. Leo sihisi kitu."

Usiku ule alilala kidogo sana. Jumapili mchana akaanza kuvikaanga kwa zamu kwenye makaango matatu, viive rangi tu nje, kisha akavipanga ndani ya oveni na maji ya matufaha kwa chini. Kufika saa kumi harufu ilikuwa imepanda ngazi na kuingia kanisani, na mchungaji akashuka mara mbili akisingizia kutafuta viti. Verlene alichoma kipimajoto kwenye kipande cha kwanza, akasoma, akakikata katikati. Nyama ilikuwa na maji yake, tufaha limelainika bila kupondeka, plamu imeng'aa. Alimpa Darlys aonje. Darlys alifumba macho na kuketi kwenye ndoo.

"Ukirudi kwenye sinki baada ya hii," alisema, "mimi nahama dini."

Ardith alikuwapo pia, ameketi kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, mkongojo magotini. Alisema amekuja kupumzika tu. Macho yake hayakupumzika hata kidogo.

Saa kumi na moja ukumbi ulijaa, meza kumi na tano za watu kumi kumi. Sala ikasomwa, na masinia mawili ya kwanza yakatoka kwenda meza mbili za mbele, yazungushwe mkono kwa mkono kama ilivyo ada. Verlene alisimama nyuma ya dirisha la kupakulia, aproni ameikamata kwa mikono miwili. Moyo ulimdunda kwa furaha. Alitaka kuuona uso wa mtu wa kwanza.

Masinia yalirudi upesi mno, na hayakurudi matupu. Yalirudi na nusu ya nyama, na nusu hiyo ilikuwa imechinjwachinjwa: vipande vimekatwa kati, matunda yamemwagika, mkate umeelea kwenye mchuzi. Yalikuwa masinia ya aibu kuliko lile la kuku wa bizari. Wanawake wa jikoni waliyatazama, kisha wakageukia kazi zao kwa bidii kubwa.

Verlene aliyasukuma masinia kando. Akarudi dirishani kutazama. Kwenye meza ya kwanza alikaa Virgil Tjaden, mkulima mwenye mikono kama koleo, mtu ambaye nyumbani kwake hula vitatu vya namna ile na kuomba mkate. Alikuwa amekwangua sahani yake mpaka imeng'aa. Mbele yake hapakuwa na chochote. Alikuwa akilamba uma na kuangalia sinia likiondoka, jinsi mtu anavyoangalia basi lililomwacha.

Hapo ndipo Verlene alipoelewa, na aliona haya kwamba yeye, mzaliwa wa Ostfeld, alihitaji kuoneshwa. Paja la moshi hukatwa vipande vyembamba. Mtu huchukua kipande kimoja, akasema kinatosha, akaongezewa cha pili, akasema jamani, akala cha tatu, na wote wakajua kwamba hana uroho. Lakini nani wa kule angethubutu kuinua ubavu mzima unaofunika sahani, mbele ya majirani na mchungaji? Virgil alikata nusu ili asionekane mlafi. Wa pili akakata nusu kwa sababu Virgil amekata. Mpaka sinia linafika mwisho wa meza, mtu alikuwa anakata nusu ya nusu. Nyumbani Verlene alikuwa amewapikia watu wasiotazamwa. Hapa kila mtu alikuwa anatazamwa, na yeye mwenyewe kwa miaka yote ile alichukua kidogo tu akaenda kula mkate nyumbani.

"Sinia la tatu hilo, linatoka," alisema mwanamke mmoja.

"Halitoki," Verlene akasema. "Leteni sahani. Zote."

"Za nini?"

"Tunapakua humu humu. Kipande kizima, viazi vya kuponda, maharage, mchuzi. Kila mtu anapelekewa yake."

Ardith alinyanyua kidevu.

"Verlene. Hapa watu hujipakulia wenyewe. Tangu enzi za baba yangu."

"Najua, Bi Ardith."

"Si hoteli hapa."

"Najua. Lakini wanaona haya kuchukua, na wataona haya zaidi kurudisha sahani iliyokwisha kupakuliwa na mtu." Mikono yake tayari ilikuwa inapakua. "Umenipa nyama. Niachie niipeleke mpaka mdomoni."

Ardith aliuweka mkongojo upande wa pili wa magoti, mbali na mlango.

Sahani zikaanza kutoka, nne nne. Verlene alibeba za kwanza mwenyewe. Watu walipoona ubavu mzima unatua mbele yao waliruka kidogo.

"Ah, Verlene, hii nyingi mno kwangu."

"Ndiyo imeshapakuliwa hiyo."

"Nigawane basi na mke wangu."

"Mkeo yake inakuja."

Nao wakainama kwa unyonge, kama watu waliolazimishwa, wakaanza kula kwa kasi ambayo haikuwa na unyonge wowote. Zile meza mbili za mbele hakuzisahau. Alizipitia na kisinia cha vipande vilivyokatwa, matunda ameyarudisha mahali pake kwa kijiko.

"Nusu yako hii, Virgil. Uliisahau."

"Mimi? Nilikuwa nimeshiba, bwana," Virgil akasema, akisogeza sahani kabla sentensi haijaisha.

Ukumbi ulianza kupoteza sauti. Maongezi ya mvua na bei ya soya yalikatika meza baada ya meza, na watu mia na hamsini wakabaki na kazi moja tu. Verlene alikuwa anakimbia sasa, nywele zimemwangukia usoni, mchuzi umemrukia mpaka kwenye kiwiko, na alikuwa na raha ambayo hajaipata tangu azae mtoto wake wa mwisho. Sahani zilirudi na mifupa. Darlys alizipokea kwenye sinki na kumwonyesha moja moja kupitia mlangoni, meno yote nje.

Alipomaliza meza ya mwisho alipakua sahani moja zaidi, akaipeleka kwenye kiti cha karibu na mlango.

Ardith aliitazama. "Nikatie nusu. Mimi mzee."

"Sikati, Bi Ardith."

Walitazamana. Wenzao waligeuka kuhesabu vijiko ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa. Kisha Ardith akashika kisu na uma, akaanza upande wa mafuta. Alikula polepole, akasimama kutazama ndani ya mfuko, akala tena. Verlene alisimama mbele yake kama mwanafunzi, akiogopa hata kufuta jasho. Mwisho Ardith aliweka kisu chini, akachungulia ukumbini, na alipoona hakuna anayemtazama aliinua ule mfupa kwa vidole na kuutafuna mpaka ukabaki mweupe.

Alijifuta mdomo kwa muda mrefu.

"Siyo mbaya," alisema.

Darlys aliangusha sufuria. Kwa miaka thelathini hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwa Ardith Buhr kuhusu chakula cha mtu mwingine.

"Ila mlichelewa kukata," Ardith akaendelea. "Jumamosi ni karibu mno. Mwakani uwaanzishe Ijumaa. Na ongeza ishirini, yule Virgil atataka cha pili."

"Sawa, Bi Ardith," Verlene akasema, kwa upole kabisa.

Akaenda chumba cha akiba, akafunga mlango, akasimama kati ya pai za boga zilizokuwa zikisubiri zamu yao. Aliisokota aproni, akaitia mdomoni yote, na akapiga kelele ndani yake mpaka machozi yakamtoka.