Mafuriko Keko: nimeziba mlango, mama mwenye nyumba ananiambia fungua!

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Haya yalinikuta mwenyewe na siongezi chumvi, maana hata bila chumvi yanatosha.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Kitui. Kwetu mvua ikinyesha watu wanatoka nje kuifurahia. Nimeolewa Dar na fundi makochi, tumepanga chumba Keko, kule chini karibu na mtaro. Nyumba yenyewe ni ile ya koridoo katikati, vyumba huku na huku, mlango wa mbele na wa uani.

(Mtakaouliza kwa nini tunakaa bondeni, jibu mnalijua.)

Siku hiyo mume wangu alikuwa amepeleka mzigo Morogoro. Nilibaki na binti yetu Neema, hata kukaa alikuwa hajajua.

Mvua ilianza alfajiri. Asubuhi maji yakaingia koridoni. Mwanzoni nilipiga picha nikacheka. Yalipofika juu ya kifundo cha mguu, kicheko kikaisha.

Nikafunga mlango wa mbele, nikaziba chini kwa mablanketi, nikaegemeza na godoro. Nikajiona mjanja kweli.

Mara akatokea Mama Shani, mwenye nyumba wetu, Mzaramo wa hapahapa.

"Mama Neema, fungua huo mlango."

Nikadhani mama wa watu kachanganyikiwa.

"Mama, si yataingia!"

"Yaache yaingie yapite zake uani. Ukiyazuia yatasukuma ukuta utuangukie sote, mwanangu."

Akafungua mbele, akafungua na nyuma. Maji yakapita katikati ya nyumba kama mgeni anayejua njia.

Mimi presha juu. Nikamfunga Neema mgongoni kwa kanga, nivuke hadi barabara ya lami. Nje mbao za watu zilikuwa zinakwenda na maji.

Mama Shani akanishika mkono, kwa nguvu.

"Huko mtaro huuoni, shimo hulioni. Na mtoto huyo? Huendi."

Nilimchukia dakika ile, kusema ukweli.

Akazima umeme kwenye swichi kubwa. Akakusanya watoto wote wa nyumba juu ya kitanda chake kilichoinuliwa kwa matofali, Neema akiwemo. Halafu, wakuu, maji yako magotini, akawasha jiko la gesi juu ya meza na kuanza kukanda unga.

Chapati!

"Mie nakanda, we sukuma. Watoto watashinda na njaa?"

Nikasukuma huku nalia. Zangu zilitoka ramani ya Afrika, watoto wakafa kwa kicheko.

Mchana tukasikia kishindo. Jirani walikuwa wameondoka mapema wakafunga kila mlango, na ukuta wao wa mbele ukalala chini. Wetu ulisimama. Nikamfuata mwanangu pale kitandani, nikamkumbatia.

Jioni maji yakashuka, tukatoa tope pamoja.

Siku chache baadaye nikamwambia, "Mama, wewe huogopagi kabisa."

Akacheka.

"Mie? Siku ile nilikuwa nakufa kwa hofu! Mikono inatetemeka, nikaona hawa watoto wataiona. Ndo nikaitia kwenye unga."

Wakuu, nilikuwa nadhani watu watulivu hawana hofu. Kumbe wanayo, ila wanaipa kazi ya kufanya.

Nyie mnaoishi mabondeni, maji yakiingia mnashika nini kwanza? Semeni tusaidiane. Mimi wingu likitanda tu, naulizia unga.