Mabao Yangu, Jina la Mudogo Wangu

Walinizika Jumamosi, saa kumi ya mchana, mbele ya watu ishirini na sahani za kuku. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama katikati yao, chupa mkononi, nikipiga kelele: "Angalieni! Ni mimi ule! Ni mimi!"

Tulikuwa ndani ya nganda, baa ya Wakongomani hapa Brussels, ambapo tunakula na kuangalia mupira. Mwenye nganda, maman mmoja wa Lubumbashi mwenye sauti kubwa kuliko ya padri, alikubali siku hiyo kuzima muziki wake ili tuangalie klabu yangu ya zamani ya Uskoti, kule sisi tunakoita Écosse. Ni klabu ndogo. Kiwanja chake unaweza kukizunguka huku unakula muhindi wa kuchoma, na ukifika ulipoanzia muhindi haujaisha. Lakini siku ile walikuwa wanasherehekea wachezaji wao wa zamani. Na mimi kwa miaka nilikuwa nasema ndani ya nganda ile ile kwamba nilicheza kule, na kwa miaka walikuwa wananicheka. Waliniita Papa Écosse. "Papa Écosse, leo umefunga ngapi?" "Papa Écosse, ba-Écossais banakusalimia!"

Kwa hiyo niliwaita wote. Nilitaka waone kwa macho yao.

Kabla ya mechi, kioo kikubwa cha kiwanjani kikaanza kuonyesha mabao ya zamani. La kwanza simjui mfungaji. La pili simjui. La tatu, mvua inanyesha kwa ubavu, numéro dix-sept, jezi ya kumi na saba, anapokea mupira mbali kabisa na goli, anamzunguka muntu mmoja, anapiga na mguu wa kushoto. Wavu unaruka!

Mama yangu! Nilirusha mikono, bia ikamwagikia mutu wa pembeni, hakuna aliyejali. Nganda nzima ilisimama.

"Eeeh! Njo yeye kabisa!"

"Angalia ile matako! Haijabadilika!"

"Papa Écosse, pardon! Pardon, papa! Tulikuonea!"

Nilikuwa nalia. Nasema bila haya, nilikuwa nalia kwa furaha. Halafu picha ikasimama. Rangi zikatoka, ikabaki nyeusi na nyeupe. Chini yake jina, na miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa. Na kiwanja kizima, wazee na watoto na makofia yao ya sufu, wakasimama kunipigia makofi ya maiti.

Maman wa nganda ndiye aliyesema kwanza, polepole: "Alors, papa... ule muntu alikufa?"

Kijana mmoja wa kwenye meza ya dirisha akajibu kabla yangu: "Fantôme! Muzimu! Papa Écosse ni fantôme! Na iko nakula kuku!"

Walicheka mpaka wengine wakashika meza. Mimi sikucheka. Jina lile chini ya picha yangu halikuwa langu, lilikuwa la mudogo wangu. Na mudogo wangu alikufa kweli.

Bon, nirudi nyuma, mujue.

Mimi shule niliacha mwaka wa ine, yaani wa nne. Kuandika huku ninakoandika nilijifunza kwenye kitabu cha nyimbo cha kanisa. Kitu nilichojua ni mupira. Kwetu Bukavu tulicheza kwenye kiwanja cha mteremko. Ukipiga vibaya, mupira unashuka kilima mpaka ziwani, na mechi inangoja. Kwa hiyo mimi nilijifunza kutokupiga vibaya. Nilikuwa na miaka ishirini na ine siku tonton mmoja, mutafuta wachezaji, alipokuja. Tonton ni mjomba, lakini huyu hakuwa ndugu yetu. Muntu akitoka Ulaya na koti tulimuita tonton, na yeye alivaa koti juani. Aliangalia mechi mbili, akaniita.

"Miguu ni ya mutoto, lakini miaka ni ya mubaba," akasema. "Kule banataka dix-neuf ans, miaka kumi na tisa. Nani kwenu iko na dix-neuf ans?"

Mudogo wangu alikuwa amekaa pale kwenye jiwe, anatafuna muwa. Hakuombwa na mutu. Alisimama mwenyewe.

"Achukue yangu. Miye mupira sijue hata kuushika."

Tukacheka! Tuliona ni akili kubwa. Alimpa tonton cheti chake cha kuzaliwa na kadi yake ya shule, ndiyo karatasi zote alizokuwa nazo duniani. Na tonton akaweka mkono kifuani, mbele ya mama yetu: "Miezi tatu tu, maman. Akishasaini, minarudisha kila kitu. Parole."

Muishike hiyo miezi mitatu.

Écosse! Hata leo nikiandika neno hilo moyo unakimbia. Asubuhi ya kwanza niliona majani ya kile kiwanja, nikavua viatu nikanyage kwa miguu mitupu, na muzee mutunza jezi akanifukuza na taulo kama kuku aliyeingia jikoni. Wenzangu waliniita kwa jina la mudogo, na mimi sikugeuka. Mupira unakuja, wanaita jina, mimi naangalia mbele. Kocha akaona huyu ni kiziwi. Wakanipeleka kwa daktari wa masikio, akanivalisha vidude kichwani, akapiga vikengele. Masikio mazuri kuliko ya mbwa! Kocha akakuna kichwa. Siku nyingine wakaleta keki, wakazima taa, wakaimba, na mimi nikaimba pamoja nao kwa nguvu, huku natafuta ni nani amezaliwa leo. Kumbe ni mimi! Nilipuliza mishumaa wamekwisha kuchoka kungoja.

Na lile bao. Upepo ulikuwa unarudisha mupira uliopigwa na kipa wao. Nilipopiga, nilisikia kwenye mfupa kwamba umeingia, kabla ya kuona. Muzee mmoja jukwaani alirusha mkate wake wa nyama hewani, akanyeshewa nao kichwani, na alikuwa anacheka. Walikuwa wanaimba jina. Jioni ile nikapiga simu Bukavu.

"Umefunga!" nikamwambia mudogo.

"Nimefunga?"

"Umefunga, mudogo! Batu banaimba jina yako!"

Alipiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. "Alors niko joueur! Mama, niko joueur, muchezaji!" Tangu siku hiyo, kila Jumapili alikuwa anauliza hivyo hivyo: "Leo nimecheza namna gani?" Na mimi namuelezea, umepiga pasi, umeanguka, umepewa kadi ya njano. "Ya bure!" anasema. "Ile arbitre ananichukia!" Sijapata furaha kubwa kuliko hiyo, na sitaificha hapa kwa sababu ya yaliyokuja.

Miezi mitatu ikapita. Ikapita mitatu mingine. "Karatasi zinakuja," tonton alisema. Halafu akaacha kushika simu. Halafu goti langu likageuka upande, na klabu ikanishukuru kwa barua.

Na vita ikafika kwetu. Watu wa mtaa wakashuka kukimbilia ng'ambo ya mpaka, mama yangu na mudogo ndani ya mustari. Kwenye kizuizi askari wakaomba karatasi. Mama alinisimulia mara moja tu, na hakurudia. Mudogo alisema jina lake. Wakasema, leta karatasi. Na yeye, mwenye mdomo wa mchezo tangu utotoni, akajibu kweli tupu: "Karatasi zangu ziko nacheza mupira Écosse."

Waliona anawacheka. Wakamtoa kwenye mustari. Mama alisukumwa na watu mpaka ng'ambo, na mudogo alibaki. Siku ya tatu watu walimleta kwa mama ndani ya blanketi.

Mimi nilishuka hapa Brussels, stesheni ya Gare du Midi, na mfuko mmoja. Nilipoomba ukimbizi hapa nilisema jina langu, lile nililobatizwa nalo, kwa sababu sikuweza tena kuitika kwa jina la marehemu. Nimefanya ménage, kazi ya usafi, kwenye maofisi marefu ya Gare du Nord miaka yote hii kwa jina langu. Ndiyo maana sasa hakuna karatasi hata moja inayosema mimi ndiye numéro dix-sept.

Baada ya yale ya nganda nilitafuta kwenye telefone. Klabu ina ukurasa wa wachezaji wa zamani, kila mmoja na mahali alipofika. Niliusoma nikicheka peke yangu kwenye tramu. Kapiteni wetu anatengeneza mapaa ya nyumba. Kipa anaendesha bisi, na amenenepa, sasa goli lingejaa. Yule wa nywele nyekundu, ambaye hakuwahi kumpa mutu pasi, ni mwalimu wa watoto wadogo! Anawafundisha kugawana, nafikiri. Nikafika kwangu: alicheza misimu miwili, alirudi kwao, alikufa vitani akipigana. Labda habari ya kifo cha mudogo iliwafikia, mengine wakajaza wenyewe.

Akipigana! Mutoto aliyekuwa hajui hata kupiga penalti.

Na ukurasa ule utatoka kama kitabu. Nikaandika kwa klabu, telefone ikanitafsiria. Nikawaeleza masikio, keki, taulo ya muzee wa jezi. Walijibu kwa upole sana: pole kwa kumpoteza ndugu yako, karibu uje upokee jezi yake kwa niaba ya familia. Nikaandika tena. Mara ya pili walisema wazi: kitabu kinaingia mashineni kabla ya Pasaka. Aliyekuleta akiandika mustari mmoja na kusaini, tutasahihisha yote, mabao ni ya nani na yule mwingine alikufa namna gani.

Mustari mmoja! Niliruka. Maana aliyenileta yuko hapa hapa Brussels, mtaa wa Auderghem, karibu na pori. Ni shemasi sasa. Nikachukua metro na moyo wa siku ya fainali, nikapiga kengele. Alifungua na makasi ya bustani mkononi. Amezeeka vizuri.

"Tonton, minakuomba mustari moja."

Alisoma barua yote ya klabu, akairudisha. "Na miye batanisema nani? Mwizi wa karatasi?"

"Njo ulivyokuwa, tonton."

"Ulikubali."

"Nilikubali. Mudogo pia alikubali. Kwa miezi tatu."

Akaangalia waridi zake. "Bintu bya zamani, papa. Mungu alishasamehe. Chukua ile jezi, ipige misumari ku ukuta, basi. Utakunywa chai?"

"Karatasi za mudogo ziko wapi?"

Alifunga mlango polepole, bila kelele, kama mutu anayefunga kanisa.

Donc, nawataja. Mimi kwanza, niliyevaa jina la mutoto na kulifurahia. Katibu wa klabu, aliyeshika kadi ya shule yenye sura ya mudogo, masikio yake kama milango ya gari, akaniangalia usoni, akapiga muhuri. Kocha, aliyeona ndevu zangu na hakuuliza. Hao wote wawili wamekwisha kufa, na mimi mwenyewe nimekwisha kujibu, kila siku najibu. Umebaki wewe, tonton.

Jezi sitaipokea. Siwezi kusimama kwenye yale majani kupewa pole kwa mabao yangu mwenyewe, na mudogo wangu kuitwa askari. Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu watu wa kanisa lako wanasoma Kiswahili, na Jumapili unakaa mstari wa mbele ambapo wote watakuona. Pasaka haiko mbali. Simama hapo hapo, weka mkono kifuani kama ulivyouweka mbele ya mama yangu, na ujibu. Ulisema miezi mitatu. Karatasi za mudogo wangu uliziweka wapi?